Darubini Niliyoijaribu Kwenye Saruji

Linet, hiyo darubini uliyonitumia picha yake wiki iliyopita, usiinunue. Wala usimwambie mhasibu aandike chochote bado. Waite wenzako wawili wa mashua, mkae chini, msome hii mpaka mwisho. Najua hampendi kusoma vitu virefu, mnapenda vile vya kutelezesha kidole. Leo mtanivumilia. Mimi nimestaafu, niko hapa Shinyalu na maharagwe yangu, sina haraka ya kwenda popote.

Uliniandikia hivi: "Kukhu, kwa faili ya zamani imeandikwa darubini ya kumi na mbili ilikuwa nzuri. Sasa tumepata ya ishirini. Si hiyo itakuwa nzuri zaidi?" Nashukuru unaniita kukhu, ingawa mimi si nyanya yako wa damu. Lakini niliposoma maneno hayo niliweka simu mezani nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili. Jirani akaniuliza kama nimepotelewa na kuku.

Faili hiyo imeandikwa uongo, na mimi nilijua ni uongo siku ile ile ulipoandikwa. Nilinyamaza. Nimenyamaza mpaka nikastaafu, nikapewa blanketi na keki, nikaenda nyumbani. Sasa wewe unataka kukalia kiti changu ukiwa na kitu kibaya kuliko kile nilichokuwa nacho mimi, kwa sababu faili imekuambia ni sawa. Hapo siwezi kuendelea kunyamaza, hata kama baada ya kusoma hii hutaniita kukhu tena.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu wenzako ni wageni. Tulikuwa watu watatu kwenye mashua ndogo ya fibaglasi, tukipima kina na mwendo wa maji ya Nzoia kule chini upande wa Matungu, ili watu wa mabondeni waambiwe mapema mto ukianza kupanda. Waya nene ilivutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mashua ikafungwa kwenye waya hiyo kwa kamba isichukuliwe na maji. Mbele aliketi Mzee Rajabu, mtu wa Matungu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Alishusha mita majini, akasoma namba, na ilipobidi akashika waya kwa mikono na kuivuta mashua kwenda huku au kule. Nyuma kwenye injini alikaa Wafula, panga la kukatia kamba likiwa miguuni pake. Katikati nilikaa mimi na darubini. Kazi yangu ilikuwa kutazama kule maji yanakotoka na kupiga kelele nikiona kitu kinakuja: gogo, mti mzima na mizizi yake, mzigo wa miwa, ng'ombe aliyekufa. Hicho ndicho kiti chako, Linet.

Hatukusema kulia na kushoto. Rajabu alikuwa ameyapa mgongo maji yanayokuja, akitazama mita yake, kwa hiyo kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Halafu wengine wetu tukisema kulia inatoka "kuria", na Wafula hakuchoka kuuliza hao Wakuria wamefikaje Nzoia. Basi Rajabu aliweka sheria. Ukingo mmoja una soko, ule mwingine una msikiti. Gogo likiwa upande wa soko, unasema "soko", naye anavuta mashua kwenda kwa msikiti. Likiwa upande wa msikiti, unasema "msikiti". Neno moja tu. Alikuwa akituambia kwamba ukisema maneno mawili umeshachelewa.

Sasa darubini. Kila moja imeandikwa namba mbili, kwa mfano saba kwa hamsini. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakivuta kitu karibu. Ya pili ni upana wa vioo vya mbele kwa milimita, na kioo kipana hukusanya mwanga zaidi, jambo utakaloshukuru asubuhi ya mawingu. Kila mtu hukimbilia namba ya kwanza. Ikiwa kubwa anaona amepata mali. Na mimi nilikimbilia hiyo hiyo, tena nilikuwa na sababu yangu ya kujiona mjuaji.

Mnajua nimezaliwa hapa, karibu na msitu. Shemeji yangu alikuwa akiwatembeza wageni msituni kuwaonyesha ndege, na darubini yake ilikuwa ya kumi na mbili. Ukiiazima ukaiegemeza kwenye shina la mti, unamwona ndege ameshika kiwavi mdomoni, na kiwavi mwenyewe unaona ana nywele. Watu wa Shinyalu tulikua tukidhani hiyo ndiyo darubini, hakuna nyingine. Basi darubini ya zamani ya mashua, ya saba kwa hamsini, ilipochakaa, raba imebanduka na mkanda umekatika ukafungwa kwa kamba ya katani, mkubwa wetu aliuliza ofisini nani anajua mambo ya darubini. Wote walinigeukia. "Huyu ni mtu wa msitu," walisema, "anajuanga hizo vitu." Kichwa kikavimba.

Nikachagua ya kumi na mbili, kama ile ya shemeji, na ilipoletwa nikaijaribu mbele ya ofisi, Kakamega mjini, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za saruji. Wee! Nilisoma kibao cha kinyozi ng'ambo ya steji. Nilimwona mkubwa wetu, ambaye karani alikuwa ametuambia yuko mkutanoni, ameketi kibandani anamaliza mandazi. Tulicheka mpaka karani akatoka kuona kuna nini. Nikasema hapo hapo, hii ndiyo.

Rajabu alifika na salamu yake ya kila asubuhi, "Asalaam aleikum, watu wa Mungu," akaichukua, akatazama kidogo, akanirudishia. "Umeijaribu ukiwa juu ya boda boda?" akaniuliza. Nilidhani ananitania. "Sitanii. Panda boda boda, mwambie apite polepole ile barabara ya mawe ya kwenda kwenu. Ukiweza kusoma jina la kanisa moja tu na hiyo, ilete mtoni." Sikupanda. Nilimwambia mimi ni mtu wa kupima maji, si wa kuzungushwa barabarani kama kuku wa kuuzwa, na watu wakacheka tena.

Ningepanda, ningejua kila kitu kabla ya kufika Shinyalu. Darubini haikuzi kile unachokitazama tu, inakuza na mtetemo wa mkono wako. Kwenye saruji mkono unatetemeka kidogo tu, na ukiwa na kumi na mbili unavumilia. Kwenye mashua ndogo maji yanakutikisa, injini inakutikisa, mwenzako akikohoa anakutikisa. Saba, unaona. Nane, unaona ukijitahidi. Kuanzia kumi na kuendelea unatazama uji unaochemka. Hiyo ya ishirini uliyonitumia ni ya kuweka kwenye miguu mitatu ya chuma juu ya mlima, si ya kushika mkononi. Siku hizi nasikia kuna zile zenye betri za kutuliza picha. Sizikatai, ni kitu kizuri, lakini betri inaishanga, na haikuulizi kama ni wakati mzuri wa kuisha.

Hata hivyo mtetemo si ubaya mkubwa kuliko wote. Ubaya mkubwa ni kwamba kadiri inavyovuta karibu, ndivyo inavyokuonyesha kipande kidogo. Siku ya kwanza tulipoingia nayo majini Rajabu aliiomba, akatazama, akasema ni kama kuchungulia mto kupitia tundu la ufunguo. Nikamjibu mbele ya Wafula, "Mzee, macho ndiyo yamechoka, si darubini." Akanirudishia, akageukia mita yake. Mimi nilikuwa na mdomo, na bado ninao, lakini neno hilo ningepewa nafasi ningelirudisha.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, wacha niwaambie mengine, maana nikifika huko sitakuwa na hamu ya kuzungumzia vitambaa. Nunueni iliyozibwa kabisa, maji yasiingie ndani. Isiyozibwa ikitoka kwenye baridi ya alfajiri ikapigwa na jua, hutokwa jasho ndani ya kioo, mahali ambapo huwezi kufuta. Msifute vioo na leso. Nilifuta na leso yangu mwaka wa kwanza, na Rajabu akaninyang'anya darubini kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Maji ya Nzoia yana udongo na mchanga, ukifuta kikavu unakwaruza. Yeye alikuwa na chupa ya maji ya mvua, anamwagia kwanza, udongo ushuke wenyewe, halafu ndipo kitambaa laini. Na mkanda uwe wa kuelea. Darubini moja ilimponyoka Wafula, ikasema "blup" mara moja tu, na yeye akasimama akiwa amenyoosha mkono kama anayeaga mgeni. Wewe Linet unavaa miwani, kwa hiyo tafuta ile yenye vikombe vya macho vinavyokunjwa, na uijaribu ukiwa na miwani yako usoni, si mkononi.

Haya.

Ilikuwa asubuhi, kama saa tatu. Mvua ilikuwa imenyesha sana huko juu usiku, na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, unakuja na takataka. Rajabu alitaka vipimo vya mwisho viwili kabla hatujatoka. Nilikuwa nimeiinua darubini yangu ya kumi na mbili, na nikaona gogo.

Nililiona vizuri mno, hilo ndilo linaloniuma. Lilikuwa limelala, nusu ndani ya maji, na ndege mweupe amesimama juu yake kwa mguu mmoja. Niliona mdomo wa ndege. Niliona gome lilivyochanika. Nikapiga kelele, "Gogo!"

"Soko au msikiti?" Rajabu akauliza, bila kugeuka. Mikono yake ilikuwa tayari kwenye waya.

Nikatafuta. Ndani ya kile kitundu kulikuwa na gogo, ndege na maji, basi. Hakukuwa na ukingo. Hakukuwa na soko wala msikiti. Nikasogeza darubini nitafute ukingo, gogo likapotea. Nikairudisha, picha inaruka ruka, sikulipata tena. Nikaishusha nikatazama kwa macho yangu, na kwa macho gogo lililolala majini ni rangi ile ile ya maji.

"Felistus! Soko au msikiti?"

Kama ningesema sijui, Wafula angekata kamba na maji yangetuchukua kwenda chini, tungelowa, tungepoteza mita, tungeandikiwa barua. Ndiyo ilikuwa kanuni: mtazamaji asipojua, kata. Lakini mimi ndiye niliyeichagua darubini ile. Mimi ndiye niliyemwambia mzee macho yake yamechoka. Ningesemaje sijui? Nikasema, "Soko!"

Nilibahatisha. Sijawahi kuliandika neno hilo mahali popote mpaka leo. Nilibahatisha.

Rajabu akavuta, mkono juu ya mkono, akatupeleka upande wa msikiti, na gogo lilikuwa linakuja upande huo huo wa msikiti. Alituweka mbele ya gogo kama nilivyomwelekeza. Lilipogonga, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika chuma cha ubavuni mwa mashua, na gogo likaja likaegemea pale pale. Wafula akakata kamba. Tulizunguka, tukateremka na maji, tukakwama kwenye matete chini huko, watatu tukiwa hai. Rajabu hakulia. Alikuwa amefumba macho, anasoma kitu kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nimemfunga mkono kwa leso yangu, ile ile aliyonikataza kufutia vioo.

Hospitalini walimwachia vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Vitatu vilikwenda, na sehemu ya kiganja. Mkono wa kulia. Na huyu ni mtu aliyeandika namba zake zikakaa kama zimepigwa chapa.

Mkubwa alituita sote watatu ofisini, Rajabu akiwa amefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimesimama tayari. Mkubwa akauliza, "Mtazamaji alisema nini?" Kabla sijafungua mdomo, Rajabu akajibu, "Alisema msikiti. Mimi nilisikia soko."

Soko na msikiti. Sikilizeni maneno hayo mawili, yasemeni hapo mlipo. Hayafanani hata kidogo. Hata mtu aliyezibwa masikio kwa pamba hawezi kusikia moja akadhani ni lingine. Wafula alitazama sakafu. Mkubwa alimtazama Rajabu, akanitazama mimi, akajua, halafu akainama akaandika: kosa la kusikia. Chini yake akaandika kwamba vifaa vyote, pamoja na darubini, vilikuwa vizuri. Akanipa kalamu. Nikatia sahihi.

Unaelewa sasa? Rajabu alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume mgonjwa. Alihesabu haraka kuliko mimi. Alihamishiwa stoo, akawa anatoa mipira ya maji na koleo mpaka akastaafu. Mimi nilibaki mtoni. Kesho yake niliitoa ile ya saba kwenye kabati, na kamba yake ya katani, na sikuwahi kushika nyingine tena. Hakuna aliyeniuliza. Ile ya kumi na mbili niliifungia kwenye droo. Lakini faili ilisema ni nzuri, na baada ya mwaka mmoja ofisi ilinunua nyingine mbili za aina ile ile kwa mashua nyingine. Nilizipokea mimi. Nikatia sahihi tena. Kama kuna mtu aliyewahi kuumia kwa hizo mbili, mimi sijui, na nimeogopa kuuliza.

Kwa hiyo fanya hivi, mwanangu. Nunua saba kwa hamsini, iliyozibwa, yenye raba, na mkanda wa kuelea. Kabla ya kulipia, panda boda boda, nenda nayo kwenye barabara ya mawe, na usisome jina la kanisa tu. Tazama jina la kanisa halafu, bila kuishusha, sema kanisa liko upande gani wa barabara. Ukishindwa, irudishe dukani. Barua hii ipigeni chapa, muitie kwenye faili, juu kabisa ya ile yenye sahihi yangu. Na siku usipojua gogo liko wapi, sema sijui. Waambie wenzako wasikucheke siku hiyo.

Nimechelewa kukujibu wiki nzima kwa sababu hadithi hii si yangu peke yangu. Juzi nilikwenda Matungu kumwomba Rajabu ruhusa. Miaka hii yote nimekuwa nikipita kumsalimia, nakaa kidogo, nikisikia sufuria zinagongana jikoni nakumbuka nina safari. Sikutaka kumwona akila. Juzi nilikaa. Mkewe alileta ugali na kuku, akatunawisha mikono, na Rajabu akaanza kula kwa vile vidole viwili vya mkono wa kulia. Hataki kula kwa kushoto, wala hataki kijiko. Anakata tonge dogo, linaanguka, analiokota, anachovya. Kila tonge ni kazi. Nilitazama mpaka machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

Nikamweleza habari zako, Linet, na picha, na faili. Nikamwambia nataka kusema ukweli, nikaomba radhi kwamba nitamfanya aonekane mwongo uzeeni.

"Mimi nilikukinga wewe," akasema. "Ile darubini sikuikinga mimi. Hiyo uliikinga wewe."

Mkewe alitoka akatuacha.

"Huyo msichana atakaa kiti gani?" akauliza.

"Cha katikati."

"Basi andika." Akaweka tonge chini, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mwanafunzi wake. "Felistus, gogo. Soko au msikiti?"

"Msikiti, mzee. Lilikuwa upande wa msikiti."

"Haya," akasema, akanisogezea sahani. "Kula, ugali unapoa."